Jeshi la Kanisa na Mtu wa Radi

Siku nyingi za utoto wangu nilizitembea nyuma ya ngoma. Nilipokuwa mtoto huko kwenye vilima vya Masisi, miaka ile Wabelgiji walipokuwa bado wanatutuma kulima barabara zao, kanisa letu dogo la udongo na nyasi lilikuwa na jeshi. Sitanii. Lilikuwa na bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu ulioshonwa na mama yangu, lilikuwa na wanaume waliobeba fimbo begani kama bunduki, na kila Jumapili baada ya ibada lilizunguka kijiji likiimba kwamba shetani ajiandae, tunakuja. Baba yangu, mwinjilisti Yonasi, ndiye aliyetangulia. "Mbele!" alipaza sauti, na jeshi zima likaitika, "Mbele!" Sisi watoto tuliitika kwa nguvu kuliko wote, maana hatukujua ni kitu gani kilikuwa huko mbele.

Sasa mimi ni mzee, na neno hilo limenichosha. Nimelisikia kwa wahubiri, nimelisikia kwa wanasiasa, nimelisikia kwa vijana wenye bunduki za kweli waliokatiza mashamba yetu ya maharagwe, kila kundi na mbele yake. Waliobaki nyuma kuzika walikuwa ni walewale siku zote. Kwa hiyo mhubiri kijana akisimama na kusema kanisa limeitwa lisonge mbele kwa ujasiri dhidi ya uovu, simpingi, kwa sababu naamini ni kweli. Nakaa tu kwenye benchi langu na kufumba macho. Watu hudhani naomba, kumbe namkumbuka Tate.

Tate, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alikuwa mama wa mama yangu. Aliishi peke yake upande wa pili wa kilima, akilima mihogo yake, na hakubatizwa. Alimwambia kila aliyemuuliza kwamba Mungu wa kanisa ni mzuri ila watu wake wana kelele. Na kwa kuwa alikuwa mama mkwe wa baba, wawili hao hawakuwahi kutazamana usoni. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa mbali: hawali pamoja, hawagusani, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye nyasi mpaka mwenzake apite. Tate hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba yetu. Akija kutuona alikaa uani, mgongo ameuelekeza ukutani, na baba akawa ndani. Hapo ndipo walipogombana kwa raha zao, nami nikiwa katikati nikipeleka maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, jeshi liliamua kwenda mbali zaidi. Upande wa Walikale, huko Kibua, aliishi mzee mmoja mfumu, yaani mganga, ambaye kazi yake ilikuwa radi. Vilima vyetu vina radi nyingi, na desturi ilikuwa kwamba mtu akiuawa na radi haguswi, wala haliliwi, mpaka mfumu huyo aje na maji yake na majani yake, amnyunyizie maiti pamoja na wale watakaomzika. Asipokuja, maiti hulala palepale ilipoangukia. Ndiyo maana jina lake lilijulikana kuanzia Kibua mpaka kwetu, hata na waumini, hata na wale waliobeba fimbo begani.

Walikwenda wakiimba, wakapita Kashebere, wakateremka kwenye misitu. Waliporudi walikuwa na sauti zilizokauka na nyuso za furaha. Walikuwa wamekichoma kikapu cha mzee, vyungu vyake na pembe zake, vyote mbele ya macho yake, na mzee mwenyewe alikuwa amefunga mzigo na kuingia ndani zaidi ya msitu. Simeoni, mpiga ngoma wa jeshi, kijana mcheshi aliyeoa mwaka uliotangulia, alitusimulia mara nyingi jinsi pembe zilivyonuka zikiungua. Kanisani tulishukuru. Mimi nililala usiku ule nikijiona nimeokoka kuliko jana.

Tate alikuja baada ya siku chache, akakaa mahali pake uani.

"Furaha, mwambie baba yako, radi hamukuichoma. Mumechoma tu kikapo. Ikishuka, njo mutaita nani?"

Baba alicheka kutoka ndani. "Mwambie Tate, tutamuita Yesu."

"Yesu iko na kazi mingi. Miye nauliza nani atashika maiti." Kisha sauti yake ikabadilika. Hakuwa anatania tena. "Na mwenye atashika bila ile maji, radi itamurudilia. Mwambie vile. Haichukuaka muntu mumoja."

Sikumwambia, wala hapakuwa na haja. Baba alikuwa amesikia.

Mvua zilianza. Alasiri moja Simeoni na mkewe Debora walikuwa wanang'oa maharagwe shambani kwao, ng'ambo tu ya kijito, mahali ambapo kutoka mlangoni petu uliweza kumwona mtu akiinama na kuinuka. Wingu lilikuwa bado liko mbali, upande wa Walikale. Tulisikia mlio mmoja, mkavu, na mbuzi wakakata kamba. Nilipotazama ng'ambo, Debora alikuwa amekaa chini katikati ya maharagwe na Simeoni hakuonekana.

Kijiji kizima kilikimbia, na kijiji kizima kilisimama kwenye mpaka wa shamba. Naikumbuka ile mistari ya miguu ilivyojipanga pale, hakuna hata mmoja uliokanyaga tuta la kwanza. Walikuwepo wote wa jeshi. Alikuwepo Zakaria, mshika bendera, mtu mwenye mabega mapana ambaye huko Kibua ndiye aliyewasha moto. Alikuwepo baba yangu. Debora alikuwa amempakata mumewe kichwa mapajani, akituita kwa majina mmoja mmoja. "Zakaria. Papa Yonasi. Muko na ngoja nini? Mukuye munisaidie." Mtoto wao mchanga alikuwa analia kwenye kibanda cha shamba, na hata yeye hakuna aliyemfuata.

Mzee mmoja alisema polepole, "Batume muntu Kibua."

"Kwa nani?" Zakaria akajibu bila kuinua macho. "Si sisi njo tulimufukuza?"

Nikiwa mtoto sikuelewa kwa nini watu wazima wote walinyamaza baada ya neno hilo. Leo naelewa, na bado linanihuzunisha kuliko kifo chenyewe. Tulikuwa tumekwenda mbali kote kule kumfukuza aliyekuwa akituondolea woga, na woga wenyewe tulirudi nao nyumbani mzima, hakuna aliyeugusa.

Baba aligeuka akarudi nyumbani. Nilimfuata. Alikaa kitandani, akavua viatu vyake vya mwinjilisti, akavitazama. Mama alikuwa na mimba kubwa, alikuwa anamenya mihogo, na hakuacha kumenya.

"Papa Furaha, Simeoni iko angali mu shamba."

"Najua."

"Unangoja nani?"

"Nimechoka," baba akasema, na siku ile hakuwa amefanya kazi yoyote. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nikiwa mutoto, walinionyesha muntu mwenye alishika maiti ya radi. Mikono yake ilikauka yote mbili. Nilimuona na macho yangu, Mama Furaha. Kama huyu mutoto vile ananiona sasa."

Mama aliweka kisu chini, akanyanyuka kwa shida, akaleta jembe kutoka nyuma ya mlango.

"Nasikia. Enda na ile woga. Jembe njo hii."

Baba alikwenda peku. Mama akanituma nyuma yake nikamchukue mtoto wa Debora, maana yeye asingeweza kuvuka kijito na tumbo lile. Watu walitupisha. Nilipokanyaga tuta la kwanza nilingoja ardhi initupe, na ilikuwa tu udongo wenye maji, ukaingia kati ya vidole vyangu. Nilimfunga mtoto mgongoni, akanyamaza. Baba alimfikia Simeoni, akasimama, mikono ikining'inia. Muda ulipita. Halafu akainama akamfumba macho, na watu kule mpakani wakavuta pumzi kwa pamoja, nikawasikia kutoka mbali.

Yeye na Debora walichimba kaburi palepale. Wingu lilifika, mvua ikawanyea, ikawa baridi ile ya milimani inayoingia mpaka kwenye mifupa. Hakuimba. Alisema maneno machache ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu, na meno yake yalikuwa yanagongana. Tuliporudi, Debora alikuja nasi, kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine ya kumpokea.

Kuanzia asubuhi iliyofuata hakuna aliyekuja kuomba kaa la moto kwetu. Mtu wa mjini hatajua ukubwa wa jambo hilo. Viberiti vilikuwa vya wachache, na asubuhi wanawake walizungukiana na vigae vya vyungu, wakipeana makaa na habari kwa pamoja. Sasa walipita mbele ya ua wetu wakitazama njia. Kanisani Jumapili baba alihubiri, watu wakasikiliza, na kwenye benchi letu tulikaa peke yetu: mama, mimi, Debora na mtoto wake. Walikuwa wanatupenda. Hilo nataka lieleweke, walitupenda na walituogopa, na baada ya ibada hakuna aliyempa baba mkono. Ngoma ilikuwa kwenye kona, hakuna aliyeipiga.

Wiki haikuisha, baba akaanguka. Alianza na kikohozi, ikaja homa, kisha akawa anashika ubavu na kupumua kwa vipande vipande. Mama alimkanda, alimpa majani aliyoyajua, akamfunika kwa kila nguo tuliyokuwa nayo. Hakuna aliyesema neno lile, lakini niliweza kulisoma kwenye macho ya kila aliyepita njiani: imemrudilia. Mimi mwenyewe niliamini. Niliitazama mikono yake kila saa nione kama imeanza kukauka.

Hospitali ilikuwa Kirotshe, huko chini ziwani, safari ya kulala njiani. Mgonjwa kama yule hupelekwa kwa kipoyi, yaani blanketi lililofungwa kwenye mwanzi mrefu, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, na wengine wa kupokezana. Ni kazi ya wanaume. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke chini ya kipoyi kabla ya siku ile. Mama alimwendea Zakaria, akawaendea na wengine, na wote wakamwambia watakuja.

Walikuja kweli. Jeshi zima lilikuja asubuhi, likasimama nje ya ua, na likaanza kuomba. Waliomba kwa sauti kubwa, kwa machozi. Walimkemea shetani wa radi, walimkemea shetani wa homa, waliomba malaika washuke wambebe mtumishi wa Bwana. Maombi yao yalivuka ua vizuri kabisa. Kipoyi kilikuwa tayari mlangoni, mama alikuwa amekifunga yeye mwenyewe, na hakuna mguu uliovuka.

Ndipo nilipomwona Tate akiteremka kilima chake. Alipita katikati ya waombaji kama mtu anayepita kwenye mbuzi, akafika uani, na mahali pake pa kukaa hakupatazama. Aliingia ndani.

Mama alishtuka kuliko siku ya radi. "Mama! Mukwe wako iko hapa kitandani!"

"Najua alipo. Debora, wewe uko na nguvu, shika nyuma. Furaha, letea miye nguo ya kuweka pa bega."

"Mama, haiwezekani. Huyu ni mukwe wako."

"Akikufa, nitamuogopa mukwe gani?"

Baba, pamoja na homa yake, alivuta blanketi akafunika uso. Nadhani aliona aibu ile kuliko alivyoona kifo. Mama na Debora walimweka kwenye kipoyi hivyohivyo, amejifunika. Kisha Tate alinyoosha mkono amguse Debora ili wapatane namna ya kunyanyua, na nikaona mkono ukisita hewani, kwa sababu Debora naye alikuwa mtu wa radi, na Tate hakuwahi kunyunyiziwa maji ya mtu yeyote. Akamshika.

Walinyanyua. Tate alikuwa mwembamba, na mwanzi ulipomlemea alikwenda hatua ya kwanza kando kama mlevi. Alifika mlangoni pa ua.

"Mutoke mu njia," akasema.

Maombi yalikatika. Waliachia njia. Walitazama mwanamke mzee, asiyebatizwa, amembeba mkwe wake begani, na ni vigumu kueleza kwa mtu asiye wa kwetu ni mambo mangapi yaliyovunjika kwa mpigo mmoja. Mimi nilikuwa nyuma na mtoto wa Debora mgongoni. Tulipita migomba, tukaanza kuteremka kuelekea barabarani, na miguu ya Tate ilianza kukwama kwenye matope. Nyuma nikasikia mtu anakimbia. Alikuwa Zakaria.

"Mama, lete miye nibebe."

Tate hakusimama. "Umemaliza kuomba?"

Zakaria alikuwa analia waziwazi, mwanaume wa mabega yale. "Nimemaliza, mama."

"Basi shika."

Alishika. Kidogo kidogo wengine walifuata, mmoja akampokea Debora nyuma, na kufika barabarani walikuwa wengi kuliko waliohitajika. Hakuna aliyeimba mpaka Kirotshe.

Baba alipona. Waliokuwa wanamtibu walisema ni mapafu, baridi na mvua ya siku ile ya kaburi, na naamini ndivyo. Alirudi kwetu maharagwe mengine yakiwa yameota, amekonda, na kifua chake hakikurudi kama zamani. Jeshi halikuzunguka kijiji tena. Si kwamba tuliamua; hakuna tu aliyetaka kusema "Mbele" kwa sauti, na baba alihubiri ameketi. Miaka iliyofuata radi iliua tena, iliua msichana mmoja wa upande wa kisima cha chini, na watu walimzika siku ileile. Niliona wengi wanatetemeka, ila walimzika. Kama kanisa letu lilisonga mbele katika maisha yangu, labda ilikuwa ni hapo, urefu wa shamba moja.

Lakini sitaki msomaji afikiri Tate aligeuka. Hakugeuka. Aliamini mpaka kufa kwake kwamba baba alirudiliwa na radi, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kumbeba, alikuwa amejiandikia zamu yake. Wala hakubatizwa, ingawa baba alimsihi kupitia ukutani, maana baada ya siku ile walirudi kwenye heshima yao na hawakutazamana tena. Kila msimu wa mvua ulipoanza, ngurumo zikisikika upande wa Walikale, alitoka nyumbani kwake akaenda kukaa peke yake katikati ya shamba la mihogo. Watu walimcheka. Mimi nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa nilipomfuata huko siku moja, nimeshika jani la mgomba nimkinge.

"Tate, juu ya nini unakaaka hapa inje?"

"Itakuya tu. Siku ikikuya, inikute hapa, isinikute na ninyi batoto mu nyumba."

"Na kama ulijua vile, juu ya nini ulibeba baba?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza kwa nini watu hula.

"Alikuwa na kufa," akasema. "Rudi mu nyumba, Furaha. Isikukute hapa."

Nimewasikia wahubiri wengi tangu wakati huo, wengine wazuri sana. Wamenifundisha kwamba aliye na Mungu hana cha kuogopa, na mara nyingi jambo hilo limenitia nguvu. Baba alipochukua jembe alikuwa na ahadi ya mbinguni ya kushikilia, hata kama alikwenda na woga wake. Tate hakuwa na ahadi yoyote. Alikuwa na hakika moja tu, kwamba atakufa kwa ajili ya jambo lile. Nimechoka sasa, na sina nguvu ya kubishana na mtu nani alikuwa mkristo pale kilimani. Nilirudi ndani siku ile kama alivyoniambia, nikasimama dirishani, na mvua ilipofika alikuwa bado amekaa pale kwenye mihogo, kichwa wazi, akingoja.